Sauti ya babu kwenye kundi la ukoo: ifike wapi?

Siku hizi ni nadra kukuta ukoo wa Kichagga usio na kundi la WhatsApp. Kazi yake ya kwanza ni michango: harusi, msiba, matibabu, kukarabati makaburi. Ya pili, tuseme ukweli, ni picha za maua zilizoandikwa "Jumapili njema". Katikati ya msongamano huo hupita mambo ambayo zamani yalisubiri Desemba, watoto wa Dar na Arusha wapande Marangu, Rombo au Machame, wakae na wazee wasikie.

Wanaolipinga kundi husema mila haifundishiki kwa simu, na wana hoja. Kwetu, binti aliyezaliwa Dallas aliuliza mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwaje. Bibi akajibu kwa ujumbe wa sauti: ndizi mbivu zichemshwe sana mpaka zibadilike rangi, zifunikwe siku kadhaa zichachuke, kisha zichanganywe na uji wa kimea cha ulezi na magome ya msesewe. Msesewe kiasi gani? "Mpaka uchungu ukae sawa." Sasa huo uchungu unaokaa sawa utaupimaje ukiwa Texas? Lazima mtu akuonjeshe, akukaripie, akuonjeshe tena.

Ila yule binti asingeuliza kamwe pasipo kundi. Desemba akija na wazazi wake, anakaa na binamu zake wanaozungumza Kiingereza, na bibi anaishia kumshika mkono na kumsifia kuwa amekua. Kwenye simu alipata ujasiri wa kuuliza, na bibi akapata muda wa kujibu. Nimeona pia wajukuu waliokulia Moshi mjini, mwendo wa daladala moja kutoka kihambani, yaani shamba la ukoo, wakiisikiliza sauti ile kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tusisingizie umbali peke yake. Hata walio karibu walikuwa hawaulizi.

Kilichonifanya nisite ni kisa kingine. Kijana mmoja alituma picha aliyopiga nyuma ya nyumba ya babu, akasifia "maua mazuri ya kijani". Babu alicheka, akaeleza kwamba hayo ni masale. Hupandwa mpakani mwa kihamba, na jani lake ndilo hupelekwa kwa uliyemkosea unapoomba radhi. Mpaka hapo ni darasa safi kabisa, hata mwalimu asingelitoa vizuri zaidi. Kisha akaendelea, kama wazee wanavyoendelea, akasimulia mstari ule ulipandwa na nani, na kwamba upande wa chini uliwahi kusogezwa watu wakiwa msibani.

Ndani ya wiki moja sauti hiyo ilikuwa kwenye simu za majirani, na suala likafika baraza la kata kwa usuluhishi. Nani aliituma nje? Hatujui, wala si ajabu. Tangu 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. La kwetu halijafika huko, lakini lina wakwe, waliokuwa wakwe, na namba ambazo hakuna anayejua ni za nani. Babu alidhani anaongea na wajukuu zake.

Wapo waliosema tangu hapo kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Siwaungi mkono moja kwa moja. Mwaka 1858, Mwana Kupona, mshairi mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima, mambo ya dini, ya ndoa na ya nyumba. Ungebaki kwa binti huyo tu, leo tusingekuwa nao. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona mwenyewe, ndani ya utenzi huo, aliwaita wanawake wengine wausome. Mlango aliufungua mwenye maneno. Kwa babu, mlango ulifunguliwa na kidole cha mtu mwingine.

Kwa maoni yangu, ugomvi wa simu na kigoda unatupotezea muda. Bibi hana tatizo mbege yake ikijulikana dunia nzima, na nadhani angefurahi. Mpaka wa kihamba, mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, nani alimkopesha nani: hayo msimulizi aulizwe kwanza yaishie wapi, na aulizwe kwa lugha anayoielewa. Ukimwambia babu "kundi lina watu mia moja na themanini" hujamwambia kitu. Mwambie, "Na wale wa upande wa chini watasikia," uone kama atamalizia hadithi.

Baada ya mvutano, tulianzisha kundi dogo la wajukuu watupu, na anayerekodi hutaja kwanza wanaosikiliza. Baba wadogo wawili wameona tunawaficha jambo, wakajitoa kwenye kundi kubwa. Michango yao ya Desemba, hata hivyo, imeingia.