Damu ya Machi, damu ya Septemba

Hoja ya kutumia damu ya wachangiaji kujua nani kapata UVIKO-19 mara ya pili ikitajwa hapa Mwanza, jibu huwa tayari: kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, zinasema mtu aliwahi kuambukizwa, hazisemi mara ngapi. Kwa sampuli moja, ni kweli kabisa. Ila mchangiaji wa kudumu hana sampuli moja.

Mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kaa kwenye hema la damu pale Furahisha: mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni anatoa kadi iliyochakaa kwenye mikunjo, tarehe zimejaa mpaka nyuma. Kabla hajapewa soda yake, vichupa vidogo vimeshajazwa vya kupimia Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Tone la ziada likihifadhiwa kwenye friza kila anaporudi, tayari una historia yake. Baada ya maambukizi kingamwili hupanda, kisha hupungua taratibu. Zikiwa juu Machi, zikashuka Juni, halafu Septemba zikapanda tena, kuna kilichozipandisha.

Manaus, Brazil, ndiko hili lilikofanyika. Kwa damu ya wachangiaji, watafiti walikadiria kuwa hadi Oktoba 2020 asilimia 76 ya wakazi walishaambukizwa. Januari 2021 hospitali zikafurika, oksijeni ikaisha. Je, hesabu ilikosewa, au watu waliugua tena? Wakarudi kwa wachangiaji walewale: katika maambukizi yaliyohesabiwa kuwa ya Gamma, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, asilimia 16.9 yalikuwa ya mara ya pili. Ukiongeza yanayoshukiwa tu, inafika 31. Kutoka 17 hadi 31 ni karibu mara mbili, na hapo ndipo wapinzani hushika. Mimi pengo hilo linanipa imani zaidi. Kuna aliyerudi kuchangia kingamwili za kwanza hazijashuka vya kutosha, kwa hiyo kupanda kwake hakuonekani vizuri. Mtafiti anayemweka kwenye fungu la "huenda" hajakudanganya.

Lipo la kujibu, sikatai. Anayechangia ana miaka 18 hadi 65 na yuko mzima siku hiyo. Bibi wa Ukerewe na mtoto wa darasa la pili hawamo. Chanjo nayo inachanganya. Chanjo ya Johnson huzalisha kingamwili za miiba ya nje ya kirusi peke yake, hivyo ukipima na kukuta zile za kiini, yaani sehemu ya ndani ya kirusi, unajua ni maambukizi. Sinopharm, iliyotengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, huzalisha zote mbili. Tanzania tulichoma zote, kwa hiyo kadi ya chanjo ingebidi isomwe pamoja na ya damu. Na mwenye damu aombwe ridhaa, hilo halina mjadala.

Kinachonisumbua hasa kiko foleni ya hospitali. Wengi wetu huchangia siku shangazi amelazwa na chupa mbili zinahitajika. Akiruhusiwa, kadi inatupwa kabatini ikiwa na tarehe moja. Kwa mtu huyo, wanaopinga wako sahihi.