Flask ya zamani haina kosa, kosa ni kuigandisha nusu

Kila toleo jipya la Flask, maktaba ya Python ya kuundia programu za wavuti, linapotoka, wenye programu ndogo husomewa mashtaka yaleyale: mbona bado umeng'ang'ania toleo la 1 au la 2, unangoja udukuliwe? Nao hujibu kwa sauti ya chini kwamba programu yao ina kurasa tano, inafanya kazi, na hakuna aliyeigusa kwa miaka mitatu. Jibu hilo huitwa uvivu. Mimi naliona lina uzito kuliko linavyopewa.

Tarehe 30 Septemba 2023 ilitoka Flask 3.0, na siku hiyohiyo ikatoka Werkzeug 3.0, maktaba inayoibebea Flask kazi ya HTTP, yaani kupokea maombi ya vivinjari na kuyajibu. Chukua mtu aliyeandika mstari mmoja tu kwenye requirements.txt, faili la orodha ya maktaba ambazo programu inahitaji, Flask==2.2.2, akalala usingizi. Hakujua kwamba Flask 2.2.2 yenyewe iliomba Werkzeug ya 2.2.2 kwenda juu, bila kikomo. Seva ilipojengwa upya, pip, zana ya Python ya kusakinisha maktaba, ikamletea Werkzeug 3.0, na programu ikafa kabla haijafungua ukurasa hata mmoja: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls', yaani kipande ambacho Flask ya zamani ilikitafuta ndani ya Werkzeug hakikuwapo tena. Hakuwa amebadilisha herufi moja ya msimbo wake.

Ni rahisi kulisoma tukio hilo kama adhabu ya wanaobaki nyuma. Lakini hebu tazama nani aliumia. Aliyegandisha kila kitu, yaani Flask na maktaba inazozitegemea, Werkzeug, Jinja, MarkupSafe, ItsDangerous na Click, kila moja na namba yake ya toleo, hakusikia hata kishindo. Aliyeumia ni aliyegandisha nusu. Wala haikuwa mara ya kwanza: Machi 2022 Jinja 3.1 iliiondoa kazi iitwayo escape, na Flask 1.1.2, ambayo nayo haikuwa imeweka kikomo, ikaanguka vilevile.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo ni usalama. Mfano wao mzuri ni CVE-2023-30861, namba ya udhaifu wa usalama uliotangazwa hadharani. Flask ilikuwa, katika hali fulani, haiweki kwenye jibu kichwa cha Vary: Cookie, kinachosema kwamba jibu hutegemea kidakuzi cha mtumiaji, hivyo proksi yenye kache, yaani seva ya kati inayohifadhi nakala za majibu, ingeweza kuhifadhi jibu pamoja na kidakuzi cha kikao cha mtu mmoja, kisha ikampa mwingine. Unaingia kwenye akaunti ya mwenzio bila hata kukisia nenosiri. Si jambo la kuchezea.

Hata hivyo, ilibidi mengi yakutane: kuwe na proksi inayohifadhi majibu yenye vidakuzi, programu iwe imeweka vikao vya kudumu, ombi husika lisiguse kikao kabisa, na jibu lisiwe na agizo la kuzuia lisihifadhiwe kwenye kache. Na dawa haikuletwa kwenye 2.3.2 pekee, ililetwa pia kwenye 2.2.5. Aliyekuwa kwenye 2.2.2 alitakiwa kubadilisha tarakimu moja ya mwisho.

Aliyebaki kwenye 1.1 hakuletewa kitu, na hapo siwezi kumtetea. Mstari wa matoleo ukishaachwa na watunzaji wake, kugandisha si tahadhari tena. Python nayo huzeeka, 3.7 iliacha kupata marekebisho Juni 2023.

Ila kuruka toleo kubwa nako kuna gharama ambayo wahimizaji huipita haraka. Flask 2.3 iliondoa before_first_request, njia ya kuendesha msimbo mara moja kabla ya ombi la kwanza, ambayo wengi waliitumia kuunda majedwali ya hifadhidata ombi la kwanza linapofika. Mwenye timu na majaribio yanayojiendesha huliona hilo mapema akalirekebisha. Mwenye kurasa tano, peke yake, hulijua seva ikishazima.

Kwa hiyo ningemwambia afuate tarakimu ya mwisho bila kusita, ya katikati kwa nafasi, na ya kwanza pale mstari wake unapoachwa. Kabla ya yote hayo aendeshe pip freeze, amri inayotoa orodha ya maktaba zote zilizosakinishwa na namba zake, na kuhifadhi orodha nzima. Ile programu ya Septemba 2023 ingeokolewa na mstari mmoja zaidi: Werkzeug<3.