Kompyuta ikitaja inachokosa, tusiizibe mdomo

Jumamosi moja ya Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, dada mmoja mwenye steshenari hapa Mtwara mjini alinipigia simu saa mbili asubuhi. Printa yake ilikuwa kimya tangu Alhamisi. Nje walisimama makarani wa vyama vya msingi na fomu zao, na wakulima waliotaka nakala za vitambulisho na kadi za benki kabla malipo hayajaingia. Hizo ndizo wiki ambazo duka kama lake hutafuta kodi ya mwaka mzima. Kompyuta inatumia Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux, nami ndiye niliyemwekea, kwa hiyo nikaacha chai mezani nikaenda.

Nilimkuta kijana wake wa dukani ameketi mbele ya skrini, macho mekundu kwa kukesha.

"Kaka, sasa inakataa kila kitu," akaniambia. "Si printa tu. Hata nikitaka kuweka programu nyingine yoyote, inagoma."

Nikamwomba anieleze alichofanya, hatua kwa hatua. Alikuwa amepakua draiva ya printa, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na printa, kutoka kwa watengenezaji wake, faili la .deb, akaliweka kwa "dpkg -i". Kompyuta ikamjibu kwamba pakeji hiyo, yaani programu iliyofungashwa tayari kuwekwa, inategemea pakeji nyingine ambazo hazipo, ikazitaja kwa majina. Hakuyasoma majina. Alikuwa ameona video moja inayosema ukikwama hapo ongeza "--force-depends", yaani lazimisha. Akalazimisha. Kompyuta ikatii. Printa haikutoa hata karatasi moja, na tangu saa ile kila amri ya "apt", ile ya kuwekea programu, ikarudi na malalamiko yale yale.

Kijana huyu simlaumu hata kidogo. Ninaloumia nalo ni jinsi tunavyofundishana Linux huku kwetu: ujumbe wa kosa tunauona kama tusi, tunatafuta namna ya kuunyamazisha. Nimeliona jambo hili Lindi, nimeliona Masasi, nimeliona kwa wanafunzi wenye akili za kutosha kabisa kuelewa kilichoandikwa. Kompyuta inakutajia kwa jina kitu inachokosa. Ni mgonjwa gani atakayekueleza maradhi yake wazi namna hiyo?

Anayejua kazi inavyokwenda hana sababu ya kuogopa. Programu nyingi za Linux hazijibebei kila kitu. Zinatumia maktaba za pamoja: moja inajua kuzungumza na printa, nyingine inajua usimbaji wa siri, nyingine inajua kuchora herufi. Maktaba moja hutumiwa na programu mia, haina haja ya kurudiwa mara mia kwenye diski. Ndiyo maana kila pakeji huja na orodha ya vitegemezi vyake, na ndiyo maana kimoja kikikosekana, kazi inasimama.

Katika ukoo wa Debian, ambao Ubuntu imo, wahudumu ni wawili. Yupo dpkg, ambaye mimi humfananisha na kuli wa bandarini. Ukimpa gunia analiweka unapomwonyesha. Likihitaji gunia jingine chini yake atakuambia, lakini hatakwenda kulitafuta. Halafu yupo APT, karani wa ghala. Huyu ana daftari. Anajua kila pakeji iko wapi, inahitaji nini, haipatani na nini, na atatuma vyote viletwe kwa mpangilio. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na APT ikaingia rasmi katika toleo la 2.1 la mwaka 1999. Kwa hiyo tangu zamani hizo hakuna aliyelazimika kukimbiza vitegemezi kimoja kimoja kwenye tovuti asizozijua. Hata faili ulilopakua mwenyewe unaweza kumpa karani: "sudo apt install ./jina-la-faili.deb", ukiiweka ile nukta na mkwaju mwanzoni, naye atatafuta vitegemezi vyake ghalani.

Pale dukani tulianza na "sudo apt update", maana daftari lilikuwa la miezi mitatu nyuma na karani mwenye daftari bovu atakuambia kitu hakipo kumbe kipo. Kisha "sudo apt --fix-broken install". Kabla hajabonyeza Y nikamshika mkono. Soma kwanza.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Karani akikuta mambo hayapatani hutoa pendekezo, na pendekezo lake wakati mwingine ni kuondoa. Orodha ya vitakavyoondolewa ameiandika mbele yako. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha alibonyeza Y bila kuisoma, akawasha kompyuta kesho yake akakuta skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Mazingira yote ya picha yalikuwa yameondoka. Jambo kama hilo lilimpata hadharani Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa YouTube wa Kanada, mwaka 2021. Alikuwa anaweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, ndugu ya Ubuntu, vitegemezi vikagongana, onyo likatokea, akaandika maneno ya kukubali, na eneokazi lote likaondoka. Baadaye watunzaji wa APT waliufanya mlango huo uwe mgumu zaidi kufunguka. Walifanya vyema. Lakini hakuna mlango utakaosoma ile orodha kwa niaba yako.

Kwa kijana wetu pendekezo lilikuwa salama: pakeji nne ziongezwe, isiondolewe hata moja. Akabonyeza. Malalamiko yakaisha. Tukatuma karatasi ya majaribio, printa ikaendelea kunyamaza.

Basi tukaingia kwenye aina ya pili, ambayo kwangu ni ngumu kuliko ya kwanza: kitegemezi ambacho mtengenezaji hakukitaja. Daftari linaonyesha mambo sawa, ila programu haiwaki. Nikamwambia aiite moja ya programu za draiva moja kwa moja kwenye tamino, lile dirisha la kuandikia amri. Ikajibu kwamba faili hilo halipo. Kijana akaduwaa, maana faili alikuwa analiona kwa macho yake. Nikamwambia atumie amri ya "file" kulichunguza, na jibu likaja: programu ya biti 32, ndani ya kompyuta ya biti 64. Kilichokosekana hakikuwa hilo faili. Kilikosekana kipakizi cha biti 32 ambacho ndicho kingeliamsha, na mfumo ukaeleza hivyo kwa maneno yanayompotosha msomaji. Hapa nakubali lawama ni ya ujumbe wenyewe. Kosa kama hili linahitaji mtu aliyewahi kuliona.

Dawa yake ni fupi, na i386 ndani yake ni jina la mfumo wa biti 32. "sudo dpkg --add-architecture i386", kisha "sudo apt update", kisha "sudo apt install libc6:i386". Baada ya hapo "ldd" ikatuonyesha orodha ya maktaba ambazo programu inazitaka, na mbele ya libcups.so.2 ikaandika kwamba haijapatikana. Ukitaka kujua faili la maktaba limo katika pakeji gani, iko "apt-file search". Ikatutajia libcups2. Tukaiweka, nayo ya i386. Saa nne na nusu printa ikaanza kunguruma, na yule dada akaenda mlangoni kuwaita wateja wake.

Kuna njia ya mkato ambayo naikataa kabisa. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022 ilihamia OpenSSL 3, toleo jipya la maktaba ya usimbaji wa siri, na programu nyingi za zamani zikaanza kulia kwamba faili lake la zamani, libssl.so.1.1, halipo. Nimekuta kompyuta mbili hapa mjini ambazo mtu ametengeneza kiungo cha jina tu, libssl.so.1.1 ikielekeza kwenye libssl.so.3, ili kelele zinyamaze. Namba ile imewekwa kwa sababu: maktaba mbili hazikubaliani kwa ndani. Programu itawaka halafu itaanguka katikati ya kazi, au isiwake kabisa. Wengine wanapakua libssl ya zamani wasikokujua. Toleo la 1.1.1 liliacha kutunzwa bure Septemba 2023, na hiyo ni maktaba inayolinda mawasiliano ya kompyuta yako. Tafuta toleo jipya la programu yenyewe. Likikosekana, tafuta programu nyingine inayofanya kazi ile ile.

Najua wapo watakaoniambia: achana na hayo yote, tumia Flatpak au Snap, kila programu inakuja na vitu vyake. Ni kweli, na mimi mwenyewe nina programu mbili za namna hiyo. Lakini programu ya kwanza ya Flatpak huvuta nyuma yake msingi wa mamia ya megabaiti. Kwa mwenye intaneti ya ofisini si kitu. Kwa mwalimu wa Tandahimba anayenunua bando la siku kwa simu na kuigawia kompyuta, bando limekwisha kabla programu haijafunguka. Njia ya maktaba za pamoja inamfaa zaidi mtu mwenye intaneti haba, mradi karani wake afikiwe.

Na hapo ndipo penye hoja yangu kubwa. Karani wetu yuko mbali, na njia ya kumfikia hukatika. Mei 2024 tuliona kwa macho yetu. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, barabara ya Dar es Salaam ikaharibika pale Somanga, malori na mabasi yakalala njiani kwa siku kadhaa. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Mzigo haupiti, data haipiti. Mwenye kompyuta iliyokwama kwa pakeji moja ya kilobaiti mia mbili wiki ile alikaa akiitazama.

Sisi watu wa Kusini hakuna wa kutufundisha maana ya ghala. Korosho haikai barazani ikisubiri mnunuzi. Inakusanywa, inapimwa, inawekwa ghalani kwa stakabadhi. Kwa nini pakeji za kompyuta tuziagize upya kutoka ng'ambo kila kukicha, kompyuta kumi za chumba kimoja kila moja ikivuta faili lile lile kwa bando lake? Kompyuta moja kuukuu yenye programu ya apt-cacher-ng, inayosikiliza kwenye mlango wa mtandao namba 3142, inatosha. Kompyuta ya kwanza ikiomba pakeji, inavutwa mara moja na kuhifadhiwa. Tisa zilizobaki zinachukua hapo hapo chumbani. Sijaona sababu ya chuo chochote cha ufundi au cha ualimu, Lindi au Mtwara, kuwa na maabara ya Linux bila kitu hiki. Gharama yake ni mashine ambayo ilikuwa itupwe, na alasiri moja ya mtu mmoja.

Kwa asiye na mtandao kabisa iko apt-offline, muhimu iwe imewekwa mapema wakati mtandao upo. Inaandika orodha ya inachohitaji kwenye flashi, unaipeleka flashi mjini, kompyuta nyingine inapakua, flashi inarudi na mzigo kamili pamoja na vitegemezi vyake. Na jambo dogo ambalo wengi hawalijui: "apt" hufuta mafaili iliyopakua baada ya kumaliza kazi, lakini "apt-get" huyaacha katika /var/cache/apt/archives. Mimi hutumia "apt-get" kwa sababu hiyo tu. Kila ninachopakua leo kinaweza kumfaa mtu kesho.

Pale steshenari sasa kuna laptopu kuukuu chini ya meza, kioo kimepasuka, kazi yake ni kutunza pakeji. Yule kijana ndiye anayeisimamia. Wiki iliyopita alinipigia, si kuomba msaada. Alitaka kunisomea orodha ya vitakavyoondolewa ili nimthibitishie kwamba ameielewa sawa. Alikuwa ameielewa sawa. Nami nina flashi ya mwalimu mmoja wa Newala hapa mezani, maombi ya pakeji kumi na saba za maabara ya shule yao. Kumi na sita zilikuwa tayari kwenye ile laptopu. Moja naivuta usiku huu, na kesho alfajiri flashi inapanda basi.