Pointi za kipaumbele: foleni isiyosogea

Mkazi wa Ohio anayetaka kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya Rocky, katika jimbo la Wyoming hutuma maombi wakati wa baridi. Hutanguliza ada nzima ya kibali, kama dola 692 kwa viwango vya miaka ya karibuni, kisha hungoja matokeo ya droo mwezi Mei. Akikosa, ada ya kibali hurudishwa. Kinachobaki mkononi ni pointi moja ya kipaumbele, ya kumsogeza mbele katika droo za miaka ijayo, nayo hapewi bure: ni dola 52 kwa mwaka. Akipitisha miaka miwili mfululizo bila kuomba wala kununua pointi, zote alizolimbikiza zinafutwa.

Kwa msomaji aliyezoea habari za vitalu vya uwindaji vya Tanzania, ambako mtalii hupitia kampuni yenye kitalu na fedha yake ndiyo huamua safari, utaratibu huu unaonekana wa haki kupindukia. Tajiri na fundi gereji wanaonekana kupanga foleni moja. Aliyetangulia anahudumiwa kwanza. Nani atabisha?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mtu aliyelipa miaka 20 kwa kuamini kanuni zilizowekwa na serikali ya jimbo ana haki ya kukasirika anaposikia zinabadilishwa njiani. Pointi humwezesha pia kupanga maisha: anajua takriban mwaka gani zamu yake itafika, aombe likizo, ajinoe kwa milima. Na jimbo linapata mapato ya uhifadhi bila mnyama hata mmoja kuuawa.

Tatizo ni hesabu. Katika maeneo yenye idadi maalumu ya vibali, Wyoming hugawa robo tatu ya vibali vya elki vya wageni, yaani wasio wakazi wa jimbo, kwa wenye pointi nyingi, na robo huchezeshwa kwa bahati. Tuseme eneo moja lina vibali 12 vya wageni: 9 vya pointi, 3 vya bahati. Tuseme tena kwamba ngazi ya juu kabisa, ya wenye pointi nyingi kuliko wote, ina waombaji 180. Kuwamaliza hao tu ni miaka 20, na nyuma yao kuna ngazi nyingine, mara nyingi yenye watu wengi zaidi. Kijana anayenunua pointi yake ya kwanza leo hatampita aliyeanza miaka 20 iliyopita, kwa sababu mzee naye anaongeza moja kila mwaka. Pengo linabaki pointi 20 mpaka mzee apate kibali, akate tamaa au afe. Kwa miaka 20 hiyo kijana atakuwa amelipa dola 1,040 za pointi tupu, kabla ya gharama ya kibali, na kiwango cha kupata kitakuwa kimepanda tena. Foleni ya namna hii humnufaisha aliyezaliwa mapema, kisha hujiita haki.

Jambo linalosemwa kwa nadra ni kwamba wakazi wa Wyoming wenyewe hawana pointi za elki, kulungu wala pronghorn, mnyama anayefanana na swala. Wao huingia kwenye droo ya bahati, kila mwaka upya. Foleni ya kulipia wamewekewa wageni.

Sisemi kwamba wageni wapewe sawa na wenyeji. Hoja ya “ardhi ni ya serikali ya shirikisho, basi na elki ni wangu” ilishindwa zamani. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Baldwin dhidi ya Montana, ambako mwenyeji alilipa dola 9 kwa kibali cha elki na mgeni akatakiwa kununua kifurushi cha dola 225, jimbo likashinda. Mwaka 2005 Bunge la nchi likathibitisha kwa sheria kwamba majimbo yanaweza kuwatofautisha wakazi na wageni. Mwenyeji anaishi na wanyama hao mwaka mzima, uzio ukivunjwa ni wake. Apate fungu kubwa. Ninachohoji ni namna ya kugawa fungu dogo la wageni lililobaki.

Na njia zipo. New Mexico na Idaho hazina pointi kabisa. Nevada huzidisha pointi zenyewe kwa zenyewe, hivyo mwenye 10 ana nafasi zaidi ya 100 ndani ya kapu, lakini hata mwenye sifuri jina lake limo. Colorado, ambako baadhi ya maeneo ya elki yanahitaji zaidi ya pointi 20, imepanga kuanzia 2028 kugawa vibali nusu kwa pointi na nusu kwa bahati. Wenye pointi za zamani wanalalamika, na kilio chao nakielewa. Lakini hawajanyang’anywa foleni. Wamepunguziwa dirisha moja.

Wyoming ingeweza kufanya zaidi: isiuze tena pointi mpya za elki, zile ilizokwisha kuuza izihudumie hadi ziishe, na kila kibali kinachobaki kiingie kwenye droo kama ile ya wenyeji wake. Itapoteza mapato ya dola 52 kila mwaka kwa kila mtu anayengoja, na nadhani hapo ndipo ugumu wote ulipo.