Benchi la transiti nalo liko ndani ya nchi

Mwulize msafiri amefika nchi ngapi, na kabla hajataja idadi atakurudishia swali: "Nihesabu na zile nilizobadilishia ndege?" Wengi wa wanaoweka hesabu hizi wana jibu tayari: usihesabu. Asiyepita kwenye dirisha la uhamiaji hakufika, na anayejiandikia nchi hiyo anajidanganya. Kanuni hii ina hoja zake, na nitazieleza. Lakini nadhani imewahukumu watu wengi bila kuwasikiliza.

Kuhusu orodha yenyewe sina mengi. Walio wengi huanza na wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa, wakiongeza Vatikani na Palestina zilizo waangalizi, zikawa 195. Kosovo na Taiwan kila mtu ana lake. Travelers' Century Club, chama cha wasafiri kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1954, kina orodha ya 330, kwa kuwa visiwa na maeneo ya mbali nayo hupewa nafasi zake. Zanzibar imo peke yake, na Alaska vilevile. Tena orodha hubadilika hata msafiri akiwa kwake amelala: aliyekwenda Khartoum na Juba mwaka 2010 alikuwa na nchi moja, na tarehe 9 Julai 2011 akaamka na mbili. Haya yote yanazungumzika. Taja orodha unayotumia, tumeelewana. Panapouma ni kwenye neno "kufika".

Hoja nzito ya wenye msimamo mkali ni kwamba kuingia nchi ni jambo la pande mbili: wewe unabisha hodi, nchi inakukaribisha. Pasipo hodi na karibu, umesimama kibarazani tu. Wanaongeza kwamba viwanja vya ndege vinafanana, maduka yale yale, viti vile vile, kiasi kwamba ukizindukana usingizini huwezi kusema uko wapi. Hata lugha yetu inawaunga mkono. Tunasema "nilipitia Doha", hatusemi "nilifika Doha", na kila anayesikia anaelewa tofauti. Hoja hii ya lugha ndiyo inayonisumbua kuliko zote, na nitairudia.

Hodi na karibu, hata hivyo, wenyewe hawaidai kila mahali. Anayetua Paris akapanda basi hadi Brussels hakukutana na afisa yeyote wa Ubelgiji, maana ndani ya eneo la Schengen hakuna dirisha la kupita mpakani. Bado Ubelgiji ataihesabu, na hakuna atakayembishia. Wapo wanaoongeza sharti la kulala usiku mmoja. Hilo linakwama Vatikani, nchi isiyofika nusu ya kilomita ya mraba na isiyo na hoteli ya watalii: mtu anaweza kushinda humo akitazama kila alichoruhusiwa kutazama, jioni akaambiwa hajafika. Aliyelala mara moja Kaliningrad, kipande kilichotengwa kabisa na sehemu nyingine ya Urusi, anaandika Urusi yote yenye kanda 11 za saa.

Sasa turudi kwenye benchi. Abiria wawili wameshuka ndege moja na wana saa saba za kusubiri. Mmoja anaonyesha pasipoti, anatoka, anapanda treni ya mjini, anatembea mtaa mmoja au miwili, anakunywa kahawa na kurudi. Mwenzake anatamani kutoka vilevile, pengine zaidi, ila hana viza, na viza haiombwi kwa saa saba. Anakaa. Kwa kanuni ya dirisha, wa kwanza ameongeza nchi na wa pili hakuongeza kitu. Kilichowatofautisha si udadisi wala nia ya kusafiri. Ni rangi ya jalada la kijitabu walichopewa kwa kuzaliwa mahali fulani.

Pasipoti ya Singapore hufungua nchi na maeneo zaidi ya 190 bila kuomba viza mapema. Ya Afghanistan hufungua chini ya 30. Kila nikiziona tarakimu hizi mbili nashindwa kuziacha, kwa sababu zinaonyesha kwamba orodha ya nchi ulizofika, ikipimwa kwa dirisha la uhamiaji, kwanza inapima ni nani aliyekuruhusu. Mwenye milango 190 anaweza kuokota nchi tatu kwa mchana mmoja njiani. Mwenye 30 huomba nchi moja kwa miezi, akiwa na barua za benki na za mwajiri, na mara nyingine akakataliwa.

Lipo jambo ambalo sijasikia wenye msimamo mkali wakilijibu. Kanuni za viza za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009 zinataja nchi 12, zikiwamo Somalia, Eritrea, Ethiopia, Nigeria na Kongo ya Kinshasa, ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupitia uwanja wa ndege. Si viza ya kuingia mjini. Ni viza ya kukaa kwenye eneo la transiti na kupanda ndege nyingine, na wanaosamehewa ni wenye hati maalumu, kama vile kibali cha kuishi Ulaya. Kwa hiyo mtu huyu amebisha hodi, amelipa, amechunguzwa na kukubaliwa kabla hajaondoka kwake. Nchi imemtambua kuwa mgeni wake. Tumwambie kwa msingi gani kwamba hakufika?

Sheria nayo iko upande wake. Mwaka 1992 Wasomali waliokuja kuomba hifadhi walizuiwa siku 20 kwenye uwanja wa Orly, Paris. Mwaka 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba eneo la kimataifa la uwanja ule, licha ya jina lake, haliko nje ya ardhi ya Ufaransa. Na Mehran Karimi Nasseri, mzaliwa wa Iran, aliishi ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle tangu 1988 hadi 2006, miaka ya mwanzo bila ruhusa ya kuingia nchini. Atakayesema mtu huyo hakuwahi kufika Ufaransa aniambie basi miaka hiyo yote alikuwa wapi.

Nakiri sheria pekee haitoshi. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake, na hakuna anayehesabu nchi alizoruka juu yake. Kwa hiyo nashika mguu: umekanyaga, au hukukanyaga. Chama kile cha Los Angeles kinakwenda mbali zaidi, kinakubali hata ndege iliyotua kujaza mafuta. Hapo siwafuati, kama abiria hakushuka.

Nayo hoja ya lugha ni kweli, kupita si kufika. Lakini lugha inayotenganisha vitenzi hivi haijasema kupita ni bure. Yangu ni orodha moja yenye alama mbili, F nilikofika na P nilikopita, na zote zimo kwenye jumla, ili anayesoma aone kila moja ilivyokuwa. Treni ikisimama usiku kwenye stesheni ya nchi nyingine nami sikushuka, siiandiki. Mwenye pasipoti ya Eritrea aliyekaa saa saba Frankfurt kwa viza aliyoihangaikia, aiandike Ujerumani, na asimwombe mtu radhi.