Shamba jeupe si shamba safi

Juzi mama kanipakulia wali na samaki wa nazi. Tonge la kwanza tu, krrr! Mchanga. Akaniangalia: "Mwanangu, si mimi. Ni upepo huu wa kaskazi."

Kaskazi haina kosa. Mwenye kosa ni jirani.

Maana hapa Mambrui, pwani ya Kenya, tuna ugonjwa wetu. Mkulima hodari ni yule aliyefyeka, akachoma, akafagia mpaka kuku akipita shambani unamhesabu manyoya. Januari hiyo! Masika mpaka Aprili. Miezi mitatu udongo uko uchi, mvua hakuna, upepo hauna kazi nyingine. Kisha mahindi yakitoka manjano, ooh tumerogwa, ooh mbegu za dukani feki.

Jamani, upepo unachagua. Unaondoka na lile vumbi laini lenye rutuba na lenye kushika maji. Hilo lapaa moja kwa moja, buriani. Chembe nzito kidogo zinarukaruka chinichini, kila inayoanguka inazitimua nyingine, na mche mchanga ukikaa njiani unakwanguliwa kama uliopigwa msasa. Anachobakiwa nacho mwenye shamba ni mchanga wa kujengea. Kana kwamba tuna upungufu! Mto Sabaki unautoa bara bure, upepo wa kusi unatusukumia huku, na watalii wanapiga picha juu ya vilima vyake.

Dawa ni rahisi mpaka naona haya kuiandika: acha mabua. Yaliyosimama yanaupunguza upepo kasi, yaliyolala yanafunika udongo. Usichome. Subiri mvua, ndipo ulime. Haya, panya watapata maficho, sikatai. Na mbuzi wa watu watakuja kuyala. Hapo sina jibu, mbuzi wa Mambrui hawana mwenyewe mpaka mmoja agongwe na gari.

Mwenye nafasi apande mvinje upande unakotoka upepo. Safu ya mita 10 kwenda juu inakinga kama mita 100 nyuma yake, mradi usiigeuze boriti kabla haijakua. Ukuta wa mawe? Upepo unauruka, kisha unajipiga chini nyuma yake kwa hasira. Mti unaupitisha kidogo kidogo.

Nilimwendea jirani kwa adabu zote. Shikamoo mzee, marahaba, kahawa ikaletwa. Nikasema yangu. Akacheka: "Mwanangu, wataka watu wapite waseme mimi mvivu?"

Mama siku hizi anafunika sufuria kwa sahani, na juu ya sahani anatandika leso.