Ithibati ya kimataifa: chuo kinapata nini, na kijana wa Lamu anapata nini?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, vipeperushi vya vyuo huanza kupita mkono kwa mkono kwenye mabaraza ya Lamu, na siku hizi vingi vinajinadi kwa maneno yaleyale: chuo chenye ithibati ya kimataifa, yaani kimekaguliwa na kukubaliwa na shirika la nje. Mzazi anayasoma, anatazama karo, kisha anauliza swali la haki kabisa: itamfaa nini mwanangu? Kwa maoni yangu ithibati ni jambo jema linalouzwa vibaya. Faida yake iko katika mlango fulani unaofunguka kwa mhitimu, na katika ripoti ambayo wakaguzi wameiandika juu ya chuo. Vyote viwili mzazi haonyeshwi.

Hapa Kenya chuo kikuu hakihitaji mgeni yeyote ili kiwe halali. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeiachia kazi hiyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na chuo kikikamilisha masharti hupewa hati yake, kama Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilivyopata ya kwake 2013. Ithibati ya kimataifa huja juu ya hiyo, kwa hiari. Nyingine hukagua chuo kizima: USIU-Africa ya Nairobi, kwa mfano, inatambuliwa na Tume yetu na pia na WSCUC, shirika la ithibati la Marekani. Nyingine hukagua kitivo kimoja au programu moja tu. Vitivo vya biashara hukimbilia ithibati ya AACSB ya Marekani, iliyoanzishwa 1916, au AMBA ya London, au EQUIS, inayotolewa na shirika lenye makao Brussels. Wahandisi wana Mkataba wa Washington wa 1989, ambao Afrika Kusini iliingia 1999; mashirika yaliyomo hukubali ithibati ya mwenzao kama yao.

Safari yenyewe haitofautiani sana baina ya shirika na shirika. Chuo kinaomba, kinachunguzwa kama kina sifa za hata kuomba, kisha kinaambiwa kijitathmini. Hapo ndipo penye uzito wote. Chukua somo moja tu, tuseme uhasibu wa mwaka wa kwanza. Mhadhiri anatakiwa aandike mwanafunzi atakuwa anaweza kufanya nini akimaliza, aonyeshe alivyompima, aonyeshe ni wangapi walishindwa na wapi, kisha aeleze mwaka uliofuata alibadilisha nini kwa sababu ya hayo. Swali la mwisho ndilo linalowatoa watu jasho. Vyuo vingi vina mitihani, vina matokeo, vina makabati yaliyojaa karatasi, lakini mtu anayeweza kukwambia somo lilibadilishwa kwa sababu wanafunzi hawakulielewa ni nadra. Baada ya hapo huja jopo la wanataaluma kutoka vyuo vingine, wasome, watembee, wakae na wanafunzi faragha bila wakubwa kuwepo. Ripoti inaandikwa, kamati inaamua, na baada ya miaka michache kazi inaanza upya. EQUIS, kwa mfano, hutoa miaka mitatu au mitano, basi.

Nikiishia hapo nitaonekana mpiga debe, kwa sababu kazi hiyo ikifanywa kwa dhati hakuna mwanafunzi asiyefaidika. Ila wanaopinga nao wana hoja, na siyo za wivu.

Ya kwanza ni pesa. Ada ya kuomba, ada ya kila mwaka, tikiti na hoteli za wakaguzi, mishahara ya ofisi nzima ya kukusanya ushahidi. Vyuo vyetu vya umma vina madeni, na mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulidumu wiki saba huku madarasa yakiwa matupu. Mtu akiniambia kwamba chuo kisichomlipa mhadhiri wake kisianze kutafuta muhuri wa nje, sina jibu la kumpa, kwa kuwa muhuri huo unamtegemea mhadhiri huyohuyo.

Ya pili ni kipimo cha nani kinatumika. Majopo mengi huuliza utafiti umechapishwa katika majarida gani, na majarida yanayohesabiwa sana yako mbali na yanaandikwa kwa lugha nyingine. Mwanazuoni atakayetumia miaka mitano Matondoni kuandika jinsi mafundi wanavyounda jahazi bila mchoro, kwa Kiswahili, anaweza kuonekana hana uzito mbele ya aliyeandika makala fupi kuhusu benki za Ulaya. Mashirika hujibu kwamba yanamhukumu kila mmoja kwa dhamira aliyojiwekea mwenyewe. Kwa maandishi ni kweli. Lakini mkuu wa chuo anayetaka kupita hatajiwekea dhamira ya ajabu, atanakili ya aliyepita kabla yake.

Mji wetu wenyewe unalijua jambo la jicho la nje. UNESCO iliuandikisha Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Siku hizi mwenye nyumba mtaa wa Mkomani habomoi ukuta wa matumbawe apendavyo, na wapo wanaolalamika, wana haki. Lakini mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulipokuja, macho ya nje yalisaidia sauti ya wenyeji isikike mbali, hata kama kilichoufutilia mbali kibali mwaka 2019 ni mahakama yetu ya mazingira na wakazi waliokwenda kushtaki. Orodha ile haikutuchimbia mtaro hata mmoja. Ilichofanya ni kuwapa waliokuwa tayari kupigana kitu cha kushikia. Ithibati ndani ya chuo hufanya kazi namna hiyohiyo: mkuu wa idara aliyekuwa akiomba maabara kwa miaka sasa ana ripoti ya wageni mkononi.

Kwa sababu hiyo naudhika kuona neno hili likichezewa. Baba mmoja alinionyesha kipeperushi pale Mkunguni, kidole chake kikiwa juu ya nembo. "Mwalimu, hii si ndiyo ya kimataifa?" Ilikuwa ISO 9001. Nikamweleza kwamba ISO 9001 ni cheti cha utaratibu wa kazi: chuo kimeandika kinavyoendesha shughuli zake na kinafuata kilichoandika. Cheti cha haki, lakini hakimwambii kama shahada ya mwanawe ina maana. Mbaya zaidi ni mashirika ya mfukoni, yanayouza ithibati kwa yeyote mwenye pesa. Njia ya kuyatambua ni kuuliza nani anamtambua huyo anayetambua. WSCUC, kwa mfano, inatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani.

Kwa kijana wa visiwa hivi ningeanza na ithibati ya taaluma kabla ya ya chuo. Nchi hii imekwisha kuona wahitimu wa uhandisi wenye shahada halali wakikataliwa na bodi ya wahandisi kwa hoja kwamba programu zao hazikuidhinishwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ikahukumiwa 2018. Miaka ya ujana iliyopita katikati hairudishwi na mahakama.

Na kwetu taaluma hiyo ni bahari. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Mafunzo ya ubaharia yanaongozwa na mkataba wa kimataifa wa 1978, STCW, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, na mkataba huo unataka ubora wa mafunzo ukaguliwe na watu huru angalau kila miaka mitano. Hapa muhuri una meno. Wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walianza kuikosoa Ufilipino kwa mafunzo ya mabaharia wake mwaka 2006, na hadi Machi 2023, uamuzi ulipotolewa kwamba vyeti vyao viendelee kutambuliwa, maafisa wa meli wapatao 50,000 walikuwa wakihofia kazi zao. Kenya iliingia 2010 kwenye orodha ya Shirika hilo la Usafiri wa Baharini ya nchi ambazo mafunzo yake yanakubalika.

Tuliposhangilia, wengi hatukusoma sharti lililofuata. Anayesomea unahodha, hata katika programu iliyoidhinishwa, anahitaji miezi 12 ya kuhudumu melini kabla ya cheti cha afisa. Namjua kijana wa Shela aliyemaliza masomo vizuri, kila karatasi yake inakubalika duniani, na bado anabeba watalii kwa boti kwa sababu hakuna kampuni iliyompa nafasi ya mafunzo kwenye meli. Chuo chake kinatambulika. Yeye hajatambulika.

Kwa hiyo kamati za basari za kaunti, kabla ya kulipia kiti katika chuo kinachojivunia ithibati, zidai mambo mawili kwa maandishi: ripoti kamili ya wakaguzi wa mwisho, pamoja na kasoro walizozitaja, na idadi ya wahitimu wa programu hiyo waliosajiliwa na bodi ya taaluma yao. Kwa wanafunzi wa ubaharia liongezwe la tatu: mkataba wa meli itakayowachukua.